Kiatu cha Kushoto

Tetu, Nyeri
Jumapili, baada ya jirani zangu kurudi kanisani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ya Mama nitaitoa chini, kwa sababu najua barua hii utaisoma kwanza peke yako barazani, na ile miwani iliyofungwa uzi, kisha ndipo utamwita aje asikie. Goti lako linakusumbua bado ukipanda ngazi za stesheni? Na kifua cha Mama, je, vumbi la Voi limekihurumia mwaka huu? Mimi mwili wangu ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea. Asubuhi mlima unaonekana wote, mweupe juu, halafu saa nne unafunikwa, na siku nyingine sitambui hata kama nimeutazama.

Miezi minne sijakuandikia. Usiwalaumu watu wa posta. Barua zangu za zamani zilikuwa hotuba. Mama alisema ukizisoma kwa sauti majirani hudhani tumenunua redio. Nilikuandikia juu ya haki, juu ya umma, juu ya nchi ambayo bendera yake imebadilika na mabwana zake hawajabadilika. Hii si hotuba. Sina hasira na mtu. Nakula, nalala, nakwenda kazini, narudi. Ukinichoma sindano leo huenda nikakuuliza umemchoma nani. Nakuandikia kwa sababu liko jambo ambalo wewe peke yako, katika watu wote ninaowajua, ulilifahamu kabla yangu, nami nilikucheka.

Unajua nilivyofika huku. Chuo kilipofunguliwa baada ya mgomo wetu, jina langu halikuwa katika orodha ya waliorudishwa, na rafiki mmoja mwenyeji wa hapa akanitafutia kazi ya ukarani katika kiwanda cha kahawa cha ushirika, maili chache kutoka mjini Nyeri. Kiwanda ni neno kubwa. Ni banda la mabati, mashine ya kumenya kahawa, mifereji ya maji, na meza ndefu za kuanikia zinazoshuka mteremko mpaka mtoni. Akina mama huleta magunia ya matunda mekundu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na mimi nasoma mizani. Tangu siku ya kwanza niliisoma kwa sauti, foleni nzima isikie. Hilo tu lilinipatia heshima ambayo miaka mitatu ya kupanda juu ya meza za bwalo la chakula haikunipatia.

Kiwanda kina timu ya mpira. Walinitafuta mwanzoni kwa sababu nilijua kuandika barua za kuomba kiwanja. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa meneja, na baada ya miwili nilikuwa nimewaandikia katiba. Usicheke. Niliwaambia kwamba timu ambayo mtu mmoja anaamrisha na kumi na mmoja wanatii ni shamba la mkoloni lenye magoli mawili. Kwetu kila jambo lingeamuliwa kwa kuinua mikono: nani acheze, nani apige penalti, jezi iwe ya rangi gani. Walilipokea kwa furaha, kwa maana watu wa ushirika wamezoea mikutano. Hapa hata kuhamisha tangi la maji hupigiwa kura. Tulipiga kura kama golikipa wetu azuiwe kula githeri, yale mahindi na maharage ya huku, saa sita siku ya mechi. Githeri ilishinda, sita kwa tano, na yeye mwenyewe alipiga kura akiwa anatafuna.

Kepteni wetu ni Gichuki, fundi wa mashine ya kumenya, mtu mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Kiungo wetu alikuwa Wachira. Huyu Wachira ana miaka ishirini na mitatu, mwana pekee wa mama mjane. Kazi yake ilikuwa kugeuza kahawa mezani, na alikuwa akikimbia kutoka meza ya juu hadi ya chini kila wingu lilipotokea, kufunika kabla mvua haijashika. Hivyo ndivyo mapafu yake yalivyokuwa. Alikuwa amepimwa mbio na kifua, na barua ikamjia ya kumwita kwenye mafunzo ya polisi kule Kiganjo mwezi wa kwanza. Mimi, baada ya yale polisi waliyotutenda Chuoni, nilimfanyia mzaha mwingi juu ya barua hiyo. Alikuwa akinijibu, "Karani, siku nitakushika nitakushika pole pole." Mama yake alikuwa ameiweka ndani ya Biblia.

Sasa nikukumbushe wewe mwenyewe. Uwanja wa reli, Voi, Jumamosi alasiri. Kaptula yako ya kaki iliyopigwa pasi, na ule mkoba wako wa udresa wenye msalaba mwekundu. Mchezaji akiumia mguu ulimfunga akarudi. Mkono, ulimfunga akarudi. Lakini akipigwa kichwa, ulipiga magoti mbele yake, ukamtazama macho moja moja, ukamwuliza leo tumecheza na nani na nani alifunga, kisha, hata kama amejibu vyema, ulifungua kamba za kiatu chake cha kushoto, ukakivua, ukakitia mkobani, ukafunga mkoba, ukaukalia. Hukubishana na mtu. Yule fundi wa injini aliyekufukuza kwa mguu mmoja kuzunguka goli, kiwanja kizima kikishangilia, hukumjibu neno. Kiatu ulikirudisha baada ya siku ulizoziona wewe kuwa zinatosha, na si kabla.

Nilipokuja likizo ya mwaka wangu wa kwanza nilikushambulia mezani, mbele ya Mama. Nilisema huo ni udikteta wa kiatu. Nilisema umemnyang'anya mfanyakazi haki ya kuamua juu ya mwili wake mwenyewe, jambo ambalo hata Mwingereza alikuwa akiona haya kulifanya waziwazi. Ulimaliza kutafuna. Ukasema, "Kitu anachotumia kuamua ndicho kilichoumia." Kisha ukaomba chumvi. Nami nilikwenda chumbani nikiamini nimekushinda.

Mechi yenyewe ilikuwa katika uwanja wa Ruring'u, nusu fainali ya kombe dogo la viwanda. Tulicheza na watu wa kiwanda cha mbao kutoka Nanyuki. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na mpira wa ngozi ulikuwa umekunywa maji mpaka ukawa mzito kama boga. Tulikuwa sare, moja moja. Kona ikapigwa upande wetu, Wachira akaruka, beki wao akaruka, na vichwa vyao vikakutana kabla ya mpira kufika. Nilisikia mlio ule nikiwa nimesimama upande wa pili wa kiwanja.

Beki alikaa chini akishika jicho. Wachira alilala. Ningeweza kuhesabu mpaka kumi, sikuhesabu. Akainuka, akapepesuka, akaanza kutembea kuelekea goli la kwetu huku akicheka. Refa akampeleka nje kwangu. Tulimmwagia maji, kama watu wote wanavyofanya. Wenzake wakamzunguka.

Gichuki akamwuliza, "Wewe ni nani?"

"Ati mimi ni nani? Mimi ni Wachira. Wewe ndio umesahau?"

"Bibi ya chifu anaitwa nani?"

"Muulize chifu."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Mtu anayetania hivyo yuko sawa, ndivyo nilivyojiambia. Kisha Wachira akauliza, "Ni ngapi?"

"Moja moja," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Akatazama uwanjani. Akauliza, "Ni ngapi?"

"Moja moja, bwana."

Gichuki alikuwa akijifunga soksi. Wachira akamgusa bega. "Gichuki, ni ngapi?"

"Huyu anataka tumwambie tumeshinda aende nyumbani!" akasema golikipa, aliyekuwa amekimbia kutoka golini kunywa maji, na wakacheka tena.

Mimi sikucheka mara hiyo, Baba. Niliona. Swali ni lile lile, sauti ni ile ile, na uso haukuwa na dalili kwamba lilikwisha kujibiwa. Niliyatazama macho yake na yalikuwa kama dirisha la nyumba ambayo watu wamehama. Nilijua wewe ungefanya nini. Mkono wangu ulijua; kiatu chake kilikuwa mbele yangu, kamba zimelowa. Haya ndiyo niliyotaka uyasome. Hakuna aliyenificha kitu, wala sikukosa elimu. Elimu ilikuwa imekaa mezani kwetu miaka yote ikila wali.

Lakini refa alikuwa akitutazama, watu wa kiwanda walikuwa wakiita jina lake kutoka kwenye kingo, na mimi nilikuwa mwandishi wa katiba. Nikasema, "Wenzangu, jambo hili si langu wala si la kepteni. Ni letu sote. Mwili ni wa Wachira, na timu ni yetu. Na tuamue pamoja, kama watu huru." Yalikuwa maneno mazuri. Nilisema mengine zaidi ya hayo. Nadhani nilichukua dakika nzima, na refa akatusubiri, na Wachira alikuwa amesimama katikati na maji yakimtiririka shingoni.

Nikaita: wanaotaka apumzike. Mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa wa Wachira.

Nikaita: wanaotaka arudi. Mikono yote ikainuka, na wa Wachira pia.

Wakacheka mpaka Gichuki akashika tumbo. "Huyu anapiga mara mbili, kama marehemu siku ya uchaguzi!" Nami nilifanya kazi yangu ya ukarani. Ule mkono wa kwanza niliufuta. Nikauhesabu ule wa pili, nikatangaza kwamba uamuzi ni wa wote bila mpinzani, na Wachira akarudi uwanjani akikimbia vizuri.

Alicheza kama dakika ishirini. Pasi zake zilikuwa safi, na hilo nimelifikiria sana. Kilichomwangusha hakikuwa kitu. Alikwenda kuzuia mpira wa kurusha, bega la mtu likamgusa shavuni, pigo ambalo hata mtoto angelivumilia. Akaanguka bila kutanguliza mikono. Nilipofika alikuwa ametapika, na mboni ya jicho lake moja ilikuwa kubwa kuliko ya pili. Walimnyanyua kwa kwapa na miguu kama gunia, shingo ikining'inia, na hapo ndipo nilipopiga kelele kwa mara ya kwanza siku ile: "Shikeni kichwa! Msimkunje shingo!" Mtu alikuwa ameleta soda ya chupa amnyweshe. Niliipiga teke. Tulimlaza ndani ya pikapu ya kiwanda juu ya magunia matupu, na nilikishika kichwa chake katikati ya magoti yangu hadi hospitalini mjini.

Muuguzi wa pale alikuwa mama wa makamo, wa huku huku, na aliandika haraka. Akauliza saa ya pigo la kwanza na saa ya pigo la pili. Akainua kalamu.

"Kumbe alipigwa mbili? Na nani alimrudisha?"

"Timu," nikasema.

"Ati timu. Timu ni jina ya nani?"

Aliacha mstari ule mtupu, akaendelea na mwingine.

Hakufa. Nakuambia sasa ili Mama asishike kifua mpaka mwisho wa barua. Damu ilikuwa imevuja kidogo ndani ya fuvu na ikasimama yenyewe. Walimtazama siku nyingi, wakamrudisha nyumbani. Daktari alituambia jambo ambalo ningeweza kuliandika kwa mwandiko wako: kwamba pigo la kwanza huutikisa ubongo, nao ukishatikiswa unakuwa kama kidonda kisicho na gamba, na hata pigo dogo likija kabla haujapoa huumiza kama kubwa. Kwamba mtu huyo alipaswa kuketi siku ile ile, bila majaribio na bila kubembelezwa. Kwamba kukumbuka jina lake hakuthibitishi kitu. Gichuki alimsikiliza akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Tulipotoka nje akasema, "Lakini tulipiga kura." Nikamwambia ndiyo.

Nyumba ya Wachira iko ng'ambo ya mto, juu ya ukingo. Nimekwenda karibu kila Jumamosi. Mwanzoni mwanga ulimwumiza. Mama yake alitundika blanketi dirishani, na moshi wa jikoni akauhamishia nje. Mlio wa mashine ya kumenya ukivuka mto humfanya ashike masikio. Anasahau alichotumwa. Hukasirika juu ya kikombe, yeye ambaye hakuwa na hasira. Kutembea anatembea. Akijaribu kukimbia, hatua ya tisa au ya kumi, anasema shamba linainuka upande mmoja. Tarehe ya Kiganjo imepita. Niliandika barua ya kuomba asubiriwe, barua nzuri sana, na mpaka leo hawajaijibu.

Mara ya kwanza mama yake alinipa kiti, akanimiminia uji. Ni mwanamke mfupi, mikono imekauka kwa kupogoa kahawa. Akasema, "Karani, wewe umeenda shule mingi. Niambie. Nani alisema kijana yangu arudi?"

"Tulipiga kura, Mama."

"Kura ni ya kuchagua chairman," akasema.

Nikaunywa uji wote. Wiki iliyofuata akaniuliza tena, maneno yale yale, nami nikajibu yale yale. Nilidhani huzuni imemchanganya, kama mwanawe. Wiki ya tatu pia. Uji ulikuwa mtamu na sikuhisi ladha yake. Nilikuwa nikirudi kwa daraja la miti, nikijiuliza mbona siumii.

Kisha ikafika siku Wachira mwenyewe alipouliza. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, kivulini, amejifunika kofia hadi kwenye nyusi. Hakumbuki chochote cha siku ile baada ya supu ya asubuhi.

"Karani, wanasema mlipiga kura."

"Tulipiga."

"Mimi nilipiga?"

"Ulipiga."

"Ya wapi?"

Nikamwambia, "Zote mbili."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kichwa kwa maumivu, na akaendelea kucheka hata hapo, kimya kimya, mabega yakitikisika. Alipotulia alinitazama, akasema bila ukali wowote, "Na wewe ukahesabu."

"Nikahesabu," nikasema. Sikusema tulihesabu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Nilikaa na neno hilo wiki mbili bila kulifanyia kazi, maana siku hizi hata aibu hunifikia polepole. Timu iliendelea. Jumamosi iliyofuata hizo mbili tulikuwa Karatina, mechi ya kirafiki, na kabla ya mapumziko Gichuki mwenyewe akala kiwiko cha sikio. Hakulala hata kidogo. Alisimama akapepesuka hatua mbili, akashika mwamba wa goli, akautazama kama anayeusoma. Nilipofika akanisukuma.

"Niko sawa! Niulize kitu. Niulize!"

"Sikuulizi."

"Basi pigeni kura! Vijana, kuja hapa! Kura!"

Wakaja. Wengine walikwisha kuinua mikono kabla ya swali. Nilipiga magoti katika matope, nikashika kisigino chake, nikafungua kamba za kiatu cha kushoto. Alidhani natafuta jeraha. Alipojua, kiatu kilikuwa kwapani mwangu.

"Karani! Leta kiatu yangu! Wewe ni nani? Wewe ni mkoloni? Ni wewe ulituambia hakuna mtu wa kuamrisha mwenzake! Ni wewe!"

"Nilikufundisha vibaya."

Alinifuata akiruka kwa mguu mmoja, na watu wa Karatina wakashangilia kama wale wa Voi. Nilikwenda ukingoni, nikaketi juu ya kiatu. Maji ya matope yaliingia suruali na njumu zake zilinichoma paja, na nilizihisi, Baba. Nilizihisi sawasawa. Tulifungwa tatu bila. Katika pikapu hakuna aliyenisemesha. Nilimfikisha Gichuki kwake, nikamwambia mkewe asimwache peke yake siku hiyo, asimpe pombe ya muratina wala kidonge chochote, amwamshe mara kwa mara akilala, na akitapika, au akiuliza jambo moja mara nyingi, au jicho moja likizidi lingine, aniite mimi na atafute gari. Mkewe akasema, "Ulikuwa wapi na hii maneno siku ya Wachira?"

Kesho yake asubuhi nilivuka mto. Mama Wachira hakuwa ameuliza bado. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa maana niliona kiti kingenisaidia kupita kiasi. Nilimwambia kwamba kura haikumrudisha mwanawe. Kwamba mimi niliona macho yake, nilijua maana yake kwa sababu baba yangu alinifundisha, na badala ya kusema hapana nilitoa hotuba, ili likiharibika liwe la wote. Nilimaliza kwa sentensi nne. Hujawahi kunisikia nikimaliza kwa nne.

Hakuniambia nimesamehewa, na hakunifukuza. Akaingia ndani, akatoka na makasi ya kupogolea, akanipa, akanionyesha mistari ambayo Wachira angekuwa ameimaliza mwezi uliopita. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena. Sikuelewa mpaka nilipokuwa katikati ya mstari wa pili kwamba hakuwa amechanganyikiwa hata siku moja, alikuwa akingoja.

Ijumaa timu ilikutana chini ya banda la mizani kuniondoa umeneja. Katiba niliyoiandika inaruhusu, na utaratibu walifuata vizuri kuliko nilivyotarajia. Walioniunga mkono waliitwa kwanza. Mkono mmoja uliinuka, nyuma kabisa, karibu na mlango. Wachira alikuwa amevuka mto kwa miguu yake, polepole, kofia mpaka nyusini; ilikuwa mara ya kwanza kufika kiwandani tangu Ruring'u. Kisha wakaitwa wanaotaka niondoke. Mikono yote ikapanda. Nilimtazama yeye tu. Aliuweka wake mapajani, akaushika kwa ule mwingine, usije ukainuka.

Kwa hiyo mimi si meneja tena. Nasoma mizani, na Jumamosi napogoa.

Nakuuliza sasa, Baba, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika watu uliowakalia viatu vyao, aliyechukua muda mrefu kuliko wote alichukua muda gani? Ulijuaje kwamba siku yake imefika? Ulimwanzisha kwa kutembea, kisha kukimbia kidogo, kisha mpira, au vipi? Na je, yuko ambaye hakupona? Usinitilie sukari. Wachira ananiuliza kila Jumamosi kama atakimbia, na sitaki kumjibu kwa maneno mazuri.

Nimesimamisha barua hapa kwa muda kwa sababu Gichuki amekuja. Alisimama mlangoni na viatu vya kanisani, bila kunisalimu.

"Karani, nataka kiatu yangu. Leo ni siku ya nane."

"Kichwa?"

"Kichwa iko."

"Ukiinama kufunga kamba?"

Angeweza kunidanganya, na mimi si meneja wake tena. Kiatu kilikuwa dirishani, mkono wake ungekifikia. Alikitazama. Akasema, "Nikiinama inagonga kidogo. Huku nyuma."

Nikamwekea chai. Alikunywa vikombe viwili, akalalamika kwamba naipika kama mtu wa pwani, tangawizi nyingi, kisha akaaga. Kiatu alikiacha pale pale.

Mpe Mama shikamoo yangu na umwambie sweta alilonifumia nalivaa mpaka kitandani. Bibi, mama yako, umbusu mkono. Mwambie huku hawali mbaazi lakini sijafa. Nisalimie dada yangu Zuhura na masomo yake ya ualimu. Akishapata darasa lake, wanafunzi wasipige kura juu ya kila kitu. Mjomba wa taa za stesheni, na shangazi wa Mwatate, nao pia. Na yule fundi wa injini, kama yu hai na bado anapita hapo barazani, mwambie mwana wa dresa anamwomba radhi kwa siku zote alizomwonea huruma.

Sote tunasubiri jibu lako, mimi na watu wawili wenye vichwa vinavyogonga.

Mwanao,
Saidi